Mkono kwenye Chupa ya Gesi

Mwanamke akishika mashine ya kuchomelea pale mtaani Ndosho, kila mpita njia anageuka fundi. Huyu anamwambia apunguze moto, yule anauliza kama mume wake anajua. Kasoki alishawazoea. Miaka mingi alikuwa amechomelea milango kwa fimbo za kawaida za kuchomelea, na milango yake inafungika vizuri kuliko ya wanaume wengi wanaojisifu mtaani. Aliyemchosha ni Papa Zihindula, mwenye karakana.

Zihindula alikuwa ameleta mashine mpya ya kuunga mabomba membamba ya pikipiki. Moto wake unatoka kwenye sindano ya tungsteni, chuma kisichoyeyuka upesi, na gesi ya argoni inaizunguka sindano hiyo ili hewa isiifikie. Sindano ikichafuka, moto unayumba na mshono unatoka na matundu. Hapo huna la kufanya ila kuinoa upya.

Mwanzoni Kasoki aliichafua kweli. Mkono uliozoea kukwaruza fimbo kwenye chuma kama kiberiti hauachi tabia upesi. Sindano ilitoka na donge la chuma nchani, naye akainoa bila kulalamika, maana kosa lilikuwa lake. Lakini alijifunza kuegemeza kiwiko mezani, na donge halikuonekana tena. Ajabu ni kwamba sindano ziliendelea kuchafuka, zikitoka nyeusi.

"Uko unagusa chuma na sindano, Mama Kasoki!" Zihindula alifoka asubuhi hiyo, wateja wakisikia. "Mukono yako njo mubaya. Gentil naye alikuwa vilevile."

Gentil ndiye aliyejifunza mashine ile kabla yake. Zihindula alimfukuza mbele ya wateja kwa kosa hilohilo, na sasa kijana wa watu anapakia mchanga huko Lac Vert. Leo mzee alikuwa ameweka brashi na kopo la rangi mlangoni, pale ambapo Kasoki angeviona. Sindano moja tu ikiharibika tena, angehamishiwa kupaka mageti rangi, na mashine angepewa mwingine.

Fundi mzima, eti brashi! Hata hivyo Kasoki akaanza kazi. Alisugua bomba mpaka likang'aa, pasibaki kutu wala mafuta. Alisimamisha bati upande wa barabara kukinga upepo. Alinoa sindano kwenye jiwe lisilonoa kitu kingine. Akachomelea. Ikatoka nyeusi.

Safari hii aliitazama vizuri kabla mzee hajaanza kelele. Ncha haikuwa na donge. Weusi ulikuwa umepanda sindano nzima, kama sufuria iliyosahaulika juu ya makaa. Iliyogusa chuma huchafuka pale ilipogusa. Hii ilikuwa imeungua mwili mzima.

Akainoa tena, akawasha, akaunga kipande kidogo, akaachia kitufe. Hakuinua tochi, kile kishikio cha sindano, wala hakuondoa macho. Sindano ilikuwa bado nyekundu, ila safi. Nyuma yake akasikia koki ya chupa ya gesi ikifungwa. Mkono wa Papa Zihindula ulikuwa kwenye chupa, mahali ulipokaa siku zote, kwa sababu argoni ni shida kuipata na mzee hakutaka ipotee hata kidogo. Moto ukizimika tu, anafunga. Na sindano, ikiwa uchi na moto wake, ikawa nyeusi mbele ya macho ya Kasoki.

Alivua kofia ya kuchomelea.

"Papa, toa mukono."

"Nini?"

"Toa mukono ku chupa! Unafunga gaz, na sindano ingali na moto. Hewa njo inaichoma. Ni weye unaichafua, hapana miye!"

"Chupa ni yangu."

"Na kazi inaharibika ni ya nani?"

Alinoa sindano mara nyingine, akavuta kiti katikati ya mzee na chupa, akakaa. Aliunga bomba pande zote. Alipoachia kitufe, alituliza tochi palepale. Gesi ikaendelea kupuliza, na vidole vya Zihindula vikawa vinacheza kwa uchungu. Alipoinua tochi, sindano iling'aa kama kijiko kipya.

Zihindula alilichukua bomba, akaligeuzageuza, akawageukia wateja.

"Mumeona? Mukono yake imetulia sasa. Nilisema nitamufundisha."

Kasoki hakuvumilia tena. Alikwenda mlangoni, akaleta ile brashi, akamtia mzee mkononi, mkono uleule wa kufungia gesi.

"Gentil alikuwa anagusa?"

Zihindula alitazama brashi.

"Papa, nakuuliza. Gentil alikuwa anagusa?"

"Mupigie basi simu," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie arudi."

"Hapana. Ulimufukuza mbele ya batu. Utasema mbele ya batu."

Akatoa simu yake, akatafuta jina la Gentil, akabonyeza, akamwekea mzee sikioni.