Paja la Baba

Baba alikuwa mrina asali katika misitu ya Tura, na hata uzeeni alikwea miti kwa ustadi kuliko vijana wengi. Siku hiyo tawi lilikatika akiwa ameshika mzinga. Wenzake walimtoa porini kwa machela ya miti, wakampandisha treni, nami nikampokea stesheni ya Tabora. Paja lilikuwa limevimba na mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo.

Hospitalini daktari, mwanamke wa rika langu, aliinua picha ya eksirei dirishani. Mfupa umekatika katikati, akanieleza, na misuli ya paja inavuta vipande vipandane. Plasta peke yake isingeweza kuizuia. Kuwekewa chuma ndani kungefaa zaidi, ila ingebidi apelekwe Mwanza; la sivyo alazwe hapo kwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito.

Baba alikataa. "Nivuteni hapa hapa. Hapa mama yenu anaweza kuja."

Wakampitishia pini ya chuma mfupani, chini ya goti, wakafunga kamba, wakaning'iniza uzito mwisho wake. Akalala chali wiki baada ya wiki. Kila asubuhi nilitoka kwangu Cheyo na chupa ya uji, nikamnywesha, nikamsugua mgongo asipate vidonda. Mama alikuja mara moja, akikohoa, akarudi Tura kuangalia shamba. Kumbe kile kikohozi kilikuwa kimeshamshika kifuani. Alifariki kabla hatujajua kuwa anaumwa sana.

Nilimwambia baba mwenyewe. Akaomba aitwe daktari.

"Nifungue, mwanangu. Nikamzike mke wangu."

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda. "Pole sana, baba. Mfupa mpya umeanza kuota, lakini bado laini. Nikikufungua sasa mfupa utapinda, na mitikisiko ya treni inaweza kuukata upya."

"Nitarudi kesho."

"Haiwezekani, baba."

Kilichoweza kugeuka mwilini mwake kilikuwa uso tu. Akaugeuzia ukutani.

Tulizika bila yeye. Niliporudi aliuliza kaburi liko upande gani wa nyumba, kama udongo ulikuwa mgumu, na nani aliongoza sala. Nilimjibu yote. Daktari aliendelea kumwamkia kila akipita, naye akaitikia marahaba huku akitazama dari.

Picha ya mwisho ilionyesha donge la mfupa limezunguka pale palipokatika. Daktari akasema umeunga vizuri. Baba aliitazama, akairudisha.

Nilimpeleka nyumbani Tura, akitembea kwa magongo. Kaburini alikataa kushikwa. Alisimama hadi mguu ukaanza kutetemeka, akitazama lile tuta lililokwisha kuota nyasi.

"Sikumwona hata uso," alisema.

Nilimsogezea kiti, akaketi, tukabaki pale mpaka mvua ilipoanza kunyesha.