Njia Nilizosuka kwa Ukindu

Ukindu ukichemshwa na rangi hutoa harufu ya majani mabichi yaliyochanganyika na kutu, na hata leo harufu hiyo ikiniingia puani natazama vidole vyangu kuona kama vimekuwa vyeusi. Uani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, sufuria kuukuu la mama lilikuwa halipoi. Mama na shangazi Mwanaidi walisuka mikeka, nami nilikaa nao tangu nina miaka sita, mtoto asiyependa kutumwa hata dukani. Wenzangu wakicheza rede barabarani, mie nimekaa kitako na ukili mapajani, ule utepe wa ukindu unaoungwa kuwa mkeka, kama bibi kizee. Walinitania eti nitaolewa na jamvi.

Mwaka wa darasa la nne alikuja kutufundisha Mwalimu Roda, mwanamke wa bara aliyevaa viatu hata ndani ya nyumba yake. Hakuamini kwamba kuchora ni kunakili jagi lililowekwa mezani. Alituambia kila mmoja ajitengenezee, kwa kitu chochote anachokiweza, sura yake mwenyewe akiwa mtu mzima. Mie penseli ilinishinda, nikasuka. Nilimweka msichana katikati ya ukili, pembetatu mbili nyekundu na kichwa mfano wa kashata, na pande zote nikampitishia njia nyeusi: ya mjini, ya stesheni, ya shule ya bweni. Sasa, anayejua kusuka anajua kwamba ukindu wa rangi huukatishi katikati upendavyo. Unakwenda mpaka ukingoni, unapinda, unarudi. Njia zangu zote zikaenda, zikapinda, zikarudi. Sikuona tatizo, niliona njia.

Mwalimu Roda naye aliziona. Aliushika ule ukili kwa muda mrefu, akaniuliza njia hii inakwenda wapi, na hii je, nikamjibu moja moja, mimi ambaye darasani nikiitwa jina tu machozi yako tayari. Jumamosi akaja nao nyumbani kumwomba baba aniruhusu niende bweni, maana nafasi ilikuwapo moja. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, apimaye kila kitu mara mbili. Alisimamisha cherehani, akaupokea ukili, akaugeuza huku na huku, kisha akaniita.

"Mwanangu, huyu ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hivi vinavyomzunguka?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, njia, na mbele ya mwalimu nilikuwa nimelisema bila taabu. Lakini pale barazani palikuwa na baba, wateja wawili, na shangazi aliyekwisha kuinama kuangalia. Nikavitazama vidole vya miguu yangu.

"Ua huo, kaka," shangazi akanisaidia. "Si unaona umefungwa pande zote? Mwali mwenyewe anasema anataka kukaa ndani. Na mwalimu kakuletea ushahidi."

Wateja wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Mwalimu Roda alinitazama, akangoja kiasi cha mtu kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akaaga.

Nafasi alipewa mwingine. Ukili ule mama aliushonea kwenye mkeka wangu wa harusi, nikaulalia miaka mingi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya posta nikiwa na wajukuu wawili, nikisomea jikoni. Sijivuni, nilipata alama za mtu anayeangalia wali usiungue. Siku hizi watoto hupewa makaratasi na rangi wakaulizwa wanataka kuwa nani, na wajukuu zangu huniletea nione. Nimejifunza kuuliza kila mstari ni nini kabla mtu mwingine hajausemea. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa mwisho alinichora mimi: bibi mnene ndani ya mraba. Nikamuuliza huo mraba ni nini, nikitumaini. Akanishangaa.

"Nyumba, bibi," akasema. "Wewe si hutoki?"