Baiskeli Iliyopimwa Ikiwa Imesimama

Shangazi yangu ni fundi wa kushona, na tangu nipate akili sijamwona bila futi shingoni. Ile tepu ya njano huivaa asubuhi kabla ya viatu. Siku moja aliingia nayo msibani, na hakuna aliyeshangaa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Futi. Jina lake la kuzaliwa analijua baba yangu, ambaye ni kaka yake, na labda watu wa benki.

Mafundi wengine husubiri wateja kibandani. Shangazi huwafuata. Anasema mtu akija kupimwa dukani huja na kifua cha kuazima: anabana tumbo, ananyoosha mgongo, anasimama kama askari wa gwaride. Halafu akikaa mezani nguo ikimbana, lawama zinamwangukia fundi. Kwa hiyo yeye humpima mtu nyumbani kwake, kwenye kiti chake, akiwa amechoka. Zaidi ya hayo, anao wateja wasioweza kutoka kabisa: bibi aliyevunjika nyonga, mwalimu mstaafu wa muziki anayetumia kiti cha magurudumu, na mama mmoja mwenye mapacha ambaye husema kwamba akifika getini tu amesahau alikokuwa akienda.

Kwa wote hao Shangazi Futi huenda kwa baiskeli ya milimani, ya kijani, yenye matairi mapana na gia ishirini na moja. Yeye hutumia mbili.

"Moja ya kupanda, moja ya kushuka," husema. "Hizo nyingine ni mapambo."

Shida ilianzia mkononi. Miaka thelathini na minane ya kushika mkasi mzito ilikuwa imekula kiungo cha kidole gumba cha kulia, na kile cha kushoto hakikuwa na nafuu kubwa. Wakati huohuo breki za baiskeli zilikuwa zikizidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka. Kusimama kulimtaka avute kwa vidole vyote, huku ameuma mdomo wa chini. Hakumwambia mtu.

Siri ilitoka Jumatatu moja kwenye mteremko wa zahanati. Mteremko huo unaishia barabara kuu, na kila anayeshuka anapaswa kusimama kwanza. Shangazi alivuta breki, akavuta tena, akaingia barabara kuu bila kupenda. Lori lilikuwa linakuja. Dereva alilisimamisha hatua chache tu kutoka kwenye goti la Shangazi, na kwa bahati nzuri au mbaya dereva huyo alikuwa mwanafunzi wa zamani wa baba. Baba alifundisha udereva miaka ishirini na tisa. Simu ilimfikia kabla Shangazi hajafika kwake.

Baba alimkuta kibandani, amekaa kwenye mashine, anatia uzi kwenye sindano kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Futi, hiyo baiskeli leo inalala kwangu."

"Kwa nini? Umekosa wa kulala naye chumbani?"

"Sitaki utani. Umeingia barabara kuu bila kusimama. Kijana amenipigia anatetemeka."

"Huyo? Mbona alisimama vizuri tu. Si wewe uliyemfundisha? Jipongeze, kaka."

Baba alitaka kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake na kumnyooshea vidole viwili.

"Nibane hapa. Kwa nguvu zako zote."

Shangazi akabana. Baba akasubiri.

"Haya, anza."

"Nimeshamaliza," akasema Shangazi.

Mimi nilikuwa mlangoni na niliona uso wa baba ukibadilika. Hasira iliondoka, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Alianza kuongea polepole. Akamwambia akae kibandani, wateja watakuja wenyewe.

"Yule mwalimu wa muziki atakuja na nini? Atapanda juu ya piano?"

"Watamleta."

"Wakishamleta atabana tumbo kama wengine." Shangazi aliweka sindano chini. Sauti yake ilishuka. "Kaka, ukiniketisha hapa nitaendelea kushona, sikatai. Lakini sitakuwa mimi. Usinifanyie hivyo."

Baba ni mkali, ila kwa huyu dada yake hana mifupa. Alitembea hadi dirishani, akarudi, kisha akatoa sharti. Ijumaa, saa tatu asubuhi, mteremko wa zahanati. Atachora mstari wa chaki hatua sita kabla ya barabara kuu. Shangazi atashuka na mzigo wake wa kawaida na kusimama kabla ya mstari. Akiuvuka, baiskeli inaingia stoo na haitoki.

"Kwa hiyo ni mtihani."

"Ni mtihani."

"Na msimamizi ni wewe."

"Ulitaka nani?"

"Haya. Ila usije ukaupeleka mstari juu mlimani."

Jumatano Shangazi aliikokota baiskeli, mimi nikimfuata, hadi kwa fundi baiskeli, mwanamume mwembamba ambaye watu humwita Spoku, kama zile nyaya nyembamba za gurudumu. Karakana yake ni chumba kimoja, magurudumu yametundikwa ukutani kwenye misumari, na spana zimepangwa kwa ukubwa juu ya gunia. Spoku alibonyeza kishikio cha breki mara moja tu, akatikisa kichwa. Akaulegeza waya na kuuchomoa kutoka kwenye kava yake, ule mrija mweusi unaoufunika. Ulitoka ukikwaruza, na unga wa kahawia ukamwagika sakafuni.

"Mama, mkono wako haujafa," alisema. "Ulikuwa unavuta kutu. Nusu ya nguvu zako zinaishia humu ndani kabla hazijafika kwenye gurudumu."

Shangazi aliuchota ule unga kwa kidole, akautazama. "Yaani nilikuwa nashindana na hiki?"

"Hicho hicho."

Spoku alikuwa amenunua pakiti moja ya nyaya mpya za chuma kisichoshika kutu, na kava yenye utando laini ndani ambamo waya huteleza bila kukwama. Alimwonya asije siku moja akauziwa kava ya gia badala ya hii, kwa sababu ile ya gia haikutengenezwa kubeba mbano wa breki na inaweza kupasuka katikati ya mteremko. Shangazi alisikiliza kwa heshima, kama fundi anavyomsikiliza fundi. Lakini Spoku alipochukua plaizi ya kukatia, heshima ikafika mwisho.

"Ngoja. Unakata kwa macho?"

"Nimezoea."

"Kwa macho!" Akavua futi shingoni. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umenyooka. Akapima kutoka kwenye kishikio, akafuata pindo lote la kava hadi pale inaposhikwa kwenye fremu. "Thelathini na saba na nusu."

"Niongeze kidogo?"

"Uongeze nini? Kinachoning'inia ni uzembe."

Spoku alikuwa amevaa ovaroli iliyoshonwa na Shangazi, na haijawahi kumbana popote. Angebishana na nini? Alikata kipande baada ya kipande kama alivyoambiwa. Akazisugua ncha kwa tupa hadi zikawa sawa, akaingiza spoku iliyochongwa ili kufungua midomo iliyobanwa na plaizi, akavisha kila ncha kikofia chake, akapitisha nyaya, akakaza nati. Kazi ilipendeza. Kava zote zilikaa sawasawa, hakuna iliyolegea.

Shangazi akaichukua baiskeli yake na kugeuza usukani kushoto ili atoke mlangoni. Kava ya breki ya nyuma ikavutika kama mshipi wa mtu aliyeshiba, breki ikajibana yenyewe, na baiskeli ikagoma kizingitini. Akasukuma. Ikagoma tena. Akanyoosha usukani, ikamwachia.

Wote wawili wakaitazama. Spoku akajishughulisha na kupanguza spana ambayo haikuwa chafu.

"Nimeipima imesimama," Shangazi akasema.

Spoku akaendelea kupanguza.

"Fundi, nimeipima imesimama! Mimi! Imebana tumbo, na mimi nikaiamini!" Alianza kucheka, akacheka hadi akakalia rundo la matairi. "Na mikono ya magauni yote niliyoachia nafasi ya kiwiko! Kumbe na hii ina kiwiko!"

"Nilitaka kusema, mama..."

"Ungesema! Unaniogopa?"

"Wewe sikuogopi sana. Naogopa hiyo futi."

Kicheko kilikatika walipoangalia kilichobaki kwenye pakiti. Breki ya mbele ilikuwa sawa, na kipande cha nyuma karibu na gurudumu hakigeuki, kwa hiyo nacho kilifaa. Kilichohitaji kurudiwa ni kimoja tu. Kava iliyobaki ingetosha kipande kimoja, na kingekatwa mara moja tu, bila kurudia. Pakiti nyingine ingefika wiki iliyofuata, na mtihani ulikuwa keshokutwa.

Shangazi alisimama akiishika futi kwa mikono yote miwili. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimpa Spoku.

"Pima wewe. Mimi leo ni mteja."

Akapanda baiskeli. Akageuza usukani kushoto hadi mwisho, akatulia. Akageuza kulia hadi mwisho, akatulia. Spoku alipiga goti moja sakafuni, akaipitisha ile tepu ya njano taratibu, akapima mara tatu.

"Arobaini na tatu."

"Una hakika?"

"Mama, ukitetemeka hivyo namba inahama."

Akakata. Safari hii usukani uligeuka pande zote na kava ikaufuata bila kulalamika. Spoku akamwagiza abonyeze breki kwa nguvu mara ishirini ili waya ukae mahali pake, kisha akaukaza upya. Mwishoni akamwambia, "Sasa tumia vidole viwili tu."

Shangazi akaweka vidole viwili. Kishikio kikaja. Hakuuma mdomo. Akakiachia, kikarudi chenyewe. Akabonyeza tena, na tena.

"Hii siyo baiskeli yangu," alisema hatimaye, sauti ikiwa imelowa.

Ijumaa baba alifika mapema, na chaki mfukoni, kofia yake ya kufundishia kichwani. Alihesabu hatua sita, akachora mstari, akaurudia uwe mnene. Shangazi alikuwa juu ya mteremko. Nyuma yake alifunga furushi la suruali kumi na moja, sare za wauguzi wa zahanati hiyohiyo, alizotakiwa kukabidhi asubuhi ile.

Baba akainua mkono. Shangazi akaja, upepo ukimpeperushia shali. Na pale alipotakiwa kubonyeza breki, mazoea ya miaka yakamshinda. Alivuta kwa vidole vyote vinane na kwa nguvu zake zote, kama anayevuta kutu. Gurudumu la nyuma lilijifunga, likaburuzika, baiskeli ikasimama mbali kabisa na mstari. Furushi halikusimama. Liliruka, likafunguka hewani, na suruali moja ikatua ng'ambo ya chaki, imetandaza miguu.

Baba akaiendea. Akaiinamia.

"Mzigo ni sehemu ya chombo," alisema. "Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Chombo kimevuka."

Nilimsubiri Shangazi atoe jibu la kumfunga mdomo. Badala yake alishuka, akasimama kando ya baiskeli, akashika kiti chake.

"Kaka, zimekuwa nyepesi mno," alisema. "Mkono haujajua. Naomba nirudie."

Baba alikunja uso. Alitazama barabara kuu, malori yakipita. Akatazama alama nyeusi ya tairi iliyoishia mbali na mstari wake, akaipima kwa jicho, akavua kofia na kuivaa tena.

"Miaka ishirini na tisa," alisema. "Aliyefeli kwa kukosa breki, nilimrudisha nyumbani. Aliyefeli kwa breki kuzidi..." Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijawahi kumpata. Panda."

Aliziokota suruali mwenyewe, akazikung'uta, akazifunga upya na kukaza fundo mara mbili. Shangazi akaikokota baiskeli hadi juu.

Mara ya pili niliviona vidole vyake tangu mbali: viwili kila upande juu ya vishikio, vingine vimeshika usukani. Alibonyeza kidogo, akaachia, akabonyeza. Baiskeli ilipunguza mwendo kwa adabu. Ilifika karibu na mstari, ikatulia, naye akaweka mguu mmoja chini.

"Nipe futi," baba akasema.

Akapiga magoti barabarani mbele za watu na kupima kutoka kwenye tairi hadi kwenye chaki. "Sentimita ishirini na mbili." Akapima tena, nadhani kwa sababu alihitaji kubaki ameinama kidogo. Aliposimama, macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Umefaulu. Lakini huo mkono uende kwa daktari."

"Nitaenda."

"Leo."

"Leo nina wauguzi kumi na mmoja wanaosubiri suruali."

"Futi, hao wauguzi wako wapi?"

Shangazi akatazama juu kwenye zahanati.

"Basi," baba akasema. "Wao wachukue suruali, wewe uwaachie mkono wautazame."

"Na ile iliyovuka chaki?"

"Ile nitaifua mimi."

Shangazi akacheka, akaigeuza baiskeli, akaanza kupanda mteremko taratibu. Baba akamfuata kwa miguu, mkono mmoja juu ya furushi, akihema.

"Kaka, unanisukuma?"

"Sikusukumi. Nashika mzigo tu."