Homa Iliyoondoka Ikarudi

Bado naiona siku ile, mwanangu Rehema. Nilikuwa msichana, nimefuatana na dada yangu Somoe kuokota korosho shambani kwa mumewe, hukohuko Ziwani unakotaka kwenda. Somoe alikuwa mjamzito, tumbo kubwa kama hilo lako. Tulilala kwenye kibanda cha udongo kilichokaa kitupu tangu msimu uliopita, mikeka chini, vichwa ukutani. Kuta zilikuwa na nyufa za kuingia kidole. Nani angeziangalia? Tulikuwa tumechoka.

Haukupita muda, Somoe akashikwa na homa. Alitetemeka meno yakagongana, kichwa kikamuuma hata mwanga akawa hautaki. Shemeji akamletea vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani. Baada ya siku chache akatoka jasho jingi, mwili ukapoa, akaomba uji. Tukamshukuru Mungu, tukarudi kwenye korosho.

Wiki iliyofuata homa ikarudi, kali vilevile. Shemeji, maskini, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Itaondoka tu. Si iliondoka ile ya kwanza?"

Bibi yetu alikuwa amekuja kutoka Mahurunga kumtazama mgonjwa. Akamgeukia shemeji. "Ile ya kwanza mliipima? Hamkuipima. Na hii nayo tuikisie? Katafute usafiri, mwanaume wewe!"

Sikuwahi kumsikia bibi akimpandishia sauti mkwe wake.

Zahanati wakampima malaria, haikuonekana. Daktari akauliza, "Mnalala wapi?" Tukamweleza habari ya kibanda. Akamtoa damu palepale, mwili ungali wa moto, akaitazama kwa darubini.

"Hii ni homa ya papasi," akasema.

Papasi ni jamaa ya kupe, mwanangu. Hujificha kwenye nyufa na vumbi la sakafu, hutoka kukunyonya umelala, na ukiamka huenda usione hata alama.

Somoe alipewa dawa, akapona. Mtoto hakupona. Alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, tukamzika. Dada akabaki ameshika matiti yaliyojaa, akiniuliza maziwa yale ayapeleke wapi.

Kwa hiyo nakuusia. Homa ikikushika, na kichwa na viungo vikauma, nenda zahanati siku hiyohiyo. Ikipoa yenyewe usiiamini. Hii ndiyo tabia yake, huondoka ikarudi. Mwambie daktari ulikolala, hata asipokuuliza. Na kibanda mtakacholala huko msiingie kabla nyufa hazijazibwa kwa udongo. Ulale kitandani, mbali na ukuta, chandarua umekichomeka vizuri. Mumeo akikwambia ungoje, usingoje. Nitumie habari, nitakuja mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akulinde ulalapo na uamkapo, akujalie ujifungue salama, na maziwa yako yapate wa kuyanyonya. Amina.