Mstari Ambao Peninah Aliuona

Kila asubuhi, kabla hajavaa kofia ya ulinzi, Yekoniya aliketi juu ya robota lililo karibu na mlango wa ghala, akanakili amri moja ya Windows katika daftari lake. Moja tu, hata akiwa na nafasi ya kunakili tatu. Aliandika jina la amri, inataka kupewa nini, na ikimaliza inarudisha nini. Kisha alifungua geti la kampuni ya mizigo pale Naif, Dubai, na kuanza kuwapanga wafanyabiashara waliokuja kusafirisha bidhaa zao Kampala na Nairobi.

Peninah alimwona kila siku, kwa kuwa meza yake ilitazama mlango. Mwanzoni alimwonea huruma. Yeye alikuwa na digrii ya kompyuta, binti wa Vihiga, Kenya, aliyesomeshwa kwa harambee ya kanisa, na Dubai ilikuwa imempa kazi ya kuchapa lebo za marobota. Mlinzi wa kutoka Uganda aliyeishia kidato cha nne, akihangaika na karatasi zilizochapwa kutoka mtandaoni, alimfanya atabasamu. Tabasamu hilo lilikoma mwezi wa Machi, mwaka 2014.

Programu ya lebo ilikuwa kongwe na kaidi. Haikupokea chochote kutoka programu nyingine. Jina la mteja, simu na namba ya robota ulivichapa upya kimoja kimoja, ingawa vyote viko mbele yako kwenye barua pepe. Peninah alilalamika miaka miwili, na Yekoniya alimsikia kutoka mlangoni. Siku moja akaomba kukaa kwenye kompyuta kuukuu ya ghalani wakati wa mapumziko. Akaandika skripti ya Python, lugha nyepesi anayoweza kujifunza mtu yeyote mwenye subira. Ila hakuishia juu juu. Skripti yake iliziita amri za ndani za Windows moja kwa moja, ikautaka mfumo wenyewe utoe maandishi yaliyonakiliwa, ulitafute dirisha la lebo na kuyajaza humo. Unanakili barua pepe, unabonyeza kitufe kimoja, lebo inatoka.

Arbab, bosi mwenye kampuni, alisema mashallah, na tangu siku ile akamwita mlinzi wake muhandis, yaani mhandisi.

Jina hilo lilimkwama Peninah kama kidonge kilichomezwa bila maji. Akaanza kuona mambo ambayo zamani hakuyajali: nani kamsalimia Yekoniya kwanza, madam, mke wa arbab, kampa nani biskuti, nani kaitwa aje kutazama printa. Mwatima, Mzanzibari aliyeandika karatasi za forodha meza ya pili, hakumwacha Peninah bila utani.

"Shoga, mlinzi siku hizi ni wewe," alimwambia. "Macho huyatoi mlangoni."

Peninah alicheka kidogo, akainama kwenye lebo zake.

Kampuni ilikuwa inafungua ofisi mpya mtaa wa Al Garhoud, na huko angehitajika mtu mmoja wa kompyuta: viza ya ofisini, chumba cha watu wawili badala ya sita. Nafasi hiyo Peninah alikuwa ameiombea tangu ilipoanza kuwa uvumi. Sasa arbab alitangaza kwamba Jumapili Yekoniya aonyeshe kazi yake kwenye kompyuta mpya za Al Garhoud, na ikifanya kazi, inshallah, mtu wa kompyuta ni yeye.

Alhamisi Yekoniya akaja mezani kwake na skripti imechapwa kwenye karatasi mbili.

"Dada Peninah, wewe umesoma. Nitazamie kama kuna kosa."

Akasoma. Kwenye mstari wa tisa jicho lake likasimama. Amri moja ya Windows ilikuwa inarudisha anwani ya mahali maandishi yalipo ndani ya kompyuta, na Yekoniya hakuieleza Python kwamba kinachorudi ni anwani. Isipoelezwa, Python huichukua kama namba fupi. Kwenye kompyuta kuukuu haidhuru, kwa sababu anwani zake ni fupi. Kwenye zile mpya anwani ni ndefu, nayo ingekatwa, kama mtu aliyepewa namba ya simu akaandika nusu tu. Programu ingezimika hapo hapo bila hata ujumbe wa kosa.

"Iko sawa," Peninah akasema.

Yekoniya alimshukuru, akamwombea baraka za Mungu. Ijumaa, siku ya mapumziko na ibada kule Dubai, kanisani Peninah aliimba nyimbo zote na hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Kwenye kompyuta ya ghalani, skripti ilikuwa sawa kweli.

Jumapili skripti ilizimika mara tatu mbele ya watu wote. Yekoniya alifuta jasho la mikono kwenye suruali ya sare, akajaribu ya nne, ikazimika. Arbab akasema khalas, basi imetosha, rudi mlangoni, kisha akamgeukia Peninah: wewe una cheti, hebu tazama. Peninah akaketi. Akaandika mstari mmoja, hakumaliza hata dakika, na lebo ikatoka.

Arbab akapiga makofi. Yekoniya hakuitazama lebo. Alimtazama yeye. Peninah akangoja aseme, kwa maana neno moja tu lingetosha kumkosesha kila kitu. Yekoniya akachukua kofia yake, akatoka.

Kazi akaipata. Lakini kijicho hakikuondoka. Sasa Peninah alimwonea Yekoniya wivu hata kwa jinsi alivyotoka mlangoni, mgongo umenyooka, hana cha kuficha.

Siku ya kuhamia Al Garhoud Peninah alisimama getini na sanduku lake la vitu.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba nilikuwa nimeisoma?"

Yekoniya alimfungulia geti kwanza.

"Wao hawakuniuliza, dada," akasema. "Mimi nilikuuliza wewe."