Kopo Moja la Maji Safi

Jambo lote lile lingeisha kwa kopo moja la maji, tena si la kujaa. Halikutolewa, na badala yake waliolipa ni mama mmoja na watoto wake watatu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Ujiji imejaa watu mpaka vibarazani. Maji ya bomba yalikuja yanapotaka yenyewe. Tuliyanunua kwa vijana wa baiskeli, na kila mashua ya watu ilipotia nanga ufukweni Katonga, dumu lilipanda bei.

"Jana hukusema hivyo," namwambia muuza maji.

"Jana watu walikuwa wachache, mama."

"Na ziwa nalo limepungua?"

"Ziwa lile pale. Liite basi, lije lenyewe."

Hapo natoa pesa, maana ziwa tulilipata bure kwa macho tu. Kulipandisha kwa kichwa mpaka nyumbani ndiyo shughuli.

Baraza letu lilikuwa la saruji nyekundu. Mume wangu alilijenga kwa pesa ya kuvua migebuka, akaliringia kuliko nyumba yenyewe. Kila alasiri wazee wa mtaa walikuja kukaa, wakitawadha pale ukingoni kwa birika letu, kwa kuwa bomba la msikiti nalo lilikuwa limekauka. Mvua ikiwakuta, wanatandika mkeka na kusali papo hapo. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mwenye elimu ya dini, ambaye mume wangu hakuthubutu hata kukohoa kabla yake.

Mama yule alikuja na mashua kutoka Burundi. Mumewe alibaki nyuma kutafuta mashua nyingine, wakaagana wakutane Ujiji. Wenzake walipopakiwa kwenda kambini, yeye alikataa kupanda gari.

"Nikienda huko porini, atanipata wapi?" aliniuliza.

Kila asubuhi aliteremka Katonga kuwatazama wanaoshuka, akarudi peke yake. Nikampa baraza alale na wanawe, mabinti wawili na kichanga cha kiume, kwa sharti moja: kabla ya alasiri pawe panang'aa, na dumu langu lisiguswe.

Sharti liliwezekana, maana nilimfundisha mwenyewe. Kwanza unafagia pakavu. Kisha unatawanya vumbi la mbao kutoka kwa mafundi wa mashua, umelilowesha kidogo, unalifagia kutoka ukutani kuja ukingoni. Linazoa uchafu wote bila kuutimua. Penye mafuta ya samaki unasugua jivu. Mwisho unapitisha kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Na maji ya kitambaa? Niliweka beseni ukingoni, chini ya miguu ya wazee. Maji waliyotawadhia yalidondokea humo, kesho yake yakapigiwa deki, na yaliyobaki akanywa mpapai. Wengine huhesabu kitu mara mbili. Mimi nilikuwa nakitumia mara tatu. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Alasiri moja kichanga kikakojoa barazani, wazee ndio wanaingia. Mama yule akarukia beseni, akachovya kitambaa, akapangusa mpaka pakang'aa. Mzee alisimama, viatu mkononi.

"Maji hayo ni ya nini?"

Nilijibu mimi, tena kwa maringo. "Ni yenu wenyewe, babu. Hapa hakipotei kitu."

"Maji ya udhu? Yaliyokwisha kutumika?"

"Hayo hayo. Yamepita kwenye miguu ya watu wema."

Mmoja akacheka. Mzee hakucheka. "Pamekuwa safi," alisema, "ila hapajatoharika. Najisi haiondoki kwa maji yaliyokwisha fanya kazi."

Akauchukua mkeka wao wa kusalia, akaondoka nao. Wenzake wakamfuata, na aliyecheka akiwemo.

Jioni mume wangu hakugusa chakula. "Wazee wamelikimbia baraza langu kwa ajili ya mkojo."

"Ni wa mtoto, mume wangu."

"Kwani nimesema ni wa simba? Waende kambini kama wenzao."

"Wape mwezi. Huenda baba yao akafika."

"Hapana."

"Wiki basi."

"Hapa si sokoni Mwanga, bibie."

Nilishuka mpaka siku mbili. Mimi niliyewahi kuwatoa jasho wauza vitenge wa Mwanga nzima, siku ile nilirudi mikono mitupu.

Asubuhi balozi wa nyumba kumi akaja na gari. Mama yule alimaliza kwanza kufagia, ukutani mpaka ukingoni, kama nilivyomfundisha. Akaniambia, "Akija, mwambie tuko wapi." Nikamuuliza dereva wanakwenda kambi gani. Akasema yoyote itakayokuwa na nafasi.

"Murakoze, mama," aliniambia, ndiyo ahsante ya kwao. Mpaka leo sijui alinishukuria nini.

Gari halijapinda kona, mume wangu alikwisha mwita muuza maji. Akanunua madumu, wala hakuuliza bei, akaliosha baraza mara saba kana kwamba mbwa amelala pale. Alasiri wazee wakarudi, na mkeka wao.

Ramadhani iliyofuata, mzee yule alisomesha akina mama darasa la tohara. Alipofika kwenye mikojo akasema ya mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili, asiyekula chochote ila maziwa, ina wepesi wake: unanyunyizia maji safi, basi. Nikanyoosha mkono.

"Hata kopo moja linatosha, babu?"

"Hata nusu, mwanangu, mradi yapaenee."

"Na yule wa barazani kwangu? Alikuwa ananyonya tu."

Akina mama wakageuka kunitazama. Mzee akafunua ukurasa.

"Hukuniuliza," alisema, akaendelea na mkojo wa ngamia.

Kweli sikumuuliza. Nilikuwa nabana maji, na yeye alikuwa anabana elimu. Siku zile dumu langu lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa.

Sasa bomba linatoka, na kibarazani sikai tena. Kama baba wa watoto alifika kuuliza, aliwakuta wazee, si mimi. Kwa hiyo naomba ushauri kwa wenye elimu. Nadaiwa kopo la maji na watu nisiojua walipo. Msiniambie nichimbe kisima cha sadaka. Hilo nimekwisha ambiwa, na watakunywa wengine. Nauliza namna ya kumlipa mama yule mwenyewe.