Adui Niliyemchora

Nianze kwa kusema wazi: siwapendi watu wanaosema eti watoto hawajui wanachofanya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na nilijua. Ambacho sikukijua ni kwamba mambo yangefika mbali vile. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu akinichanganyia hapo huwa napandwa na hasira hata kama ni mgeni kwangu.

Tuliishi Igoma, pembezoni mwa Mwanza, wakati ule ambapo kila mtu aliamka asubuhi akajikuta mfanyabiashara. Jirani yetu mmoja aliyepunguzwa kazini alifungua duka la vipuri vya baiskeli sebuleni kwake, wageni wakawa wanakaa katikati ya matairi. Mama yangu akachukua mitumba. Belo likifika tulilifungua palepale uani, na mimi nilikuwa nimeshazamisha mikono yote miwili kabla mama hajamaliza kusema "taratibu". Siku moja, ndani ya belo la nguo za watoto, katikati ya masweta, vikatoka vitabu sita vya picha. Rangi tupu! Mwanaume mwenye nguo za kubana na shuka mgongoni anaruka juu ya maghorofa, anavunja ukuta kwa ngumi, anamtoa mama na mtoto wake kwenye moto. Na kila kitabu kilikuwa na adui, na maadui wote, jamani, walikuwa na sura mbaya.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa kinaishia kwenye kalamu, mlango na dirisha. Kwa hiyo hatukusoma maneno, tulisoma sura. Mwenye kidevu kizuri ndiye stelingi. Mwenye kovu, au kucha ndefu, au macho mekundu yasiyo na mboni, huyo ni adui, na wala huna haja ya kuuliza amefanya nini. Stelingi hafi. Adui lazima apigwe. Hizo ndizo sheria tulizozielewa, na kusema kweli nilizipenda kupita kiasi. Kanisani na nyumbani habari za wema na ubaya zilikuwa na maelezo marefu: samehe, vumilia, huenda mwenzio ana shida zake. Kwenye vitabu vile unamtazama mtu machoni, umemaliza kazi.

Shuleni nilikaa dawati moja na rafiki yangu, msichana mwembamba aliyekuwa akicheka kwa kuziba meno na kiganja. Yeye ndiye niliyemwonyesha vitabu kwanza. Nilimsimulia kila picha kana kwamba naelewa yaliyoandikwa, na yeye aliamini kila kitu. Vitabu sita vilipokwisha tukaanza cha kwetu, kwenye daftari lake, maana kwetu mama alikuwa mkali sana kwa mtu anayechafua daftari. Mimi nilichora, yeye alipaka rangi kwa kalamu nyekundu ambayo mwalimu aliisahau mezani. Stelingi wetu alikuwa msichana wa Igoma anayeruka kutoka kwenye mawe ya Mwanza mpaka ng'ambo ya ziwa bila kulowa. Alikuwa na kila kitu isipokuwa adui.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu aliishi bibi mmoja mjane, peke yake. Alikuwa anakaanga mapanki, yaani ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishakatwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukala mifupa, na tuliipenda, usidanganywe na mtu. Kutwa nzima bibi alikuwa ameinama kwenye moshi wa karai lake. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, anayapangusa kwa upindo wa kanga. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Kitambaa chake cha kichwa alikifunga fundo mbele, juu ya paji la uso.

Siku moja nilitumwa kwake, nikaweka kitabu changu kimoja juu ya kigoda nikisubiri zamu yangu. Kugeuka, nikamwona anachana ukurasa wa mwisho anamfungia mteja samaki! Nikapiga kelele, "Bibi! Umechana kitabu changu!" Akanitazama bila wasiwasi wowote. "Si karatasi hii, mjukuu wangu? Njoo nikupe kichwa cha samaki." Kichwa cha samaki! Nilikataa kichwa, nikaondoka hata bila kuchukua nilichotumwa, na mama akanisema mpaka masikio yakauma.

Kesho yake darasani nikamchora. Sikubahatisha. Nilichora fundo la kitambaa, karai, mkono wenye vidole vinne. Rafiki yangu akaweka rangi nyekundu machoni, akaangua kicheko. "Weee! Si bibi wa mapanki huyu!" Nikamwambia, "Ndiye mwenyewe." Nikampa uwezo wa kuua kwa moshi: akimpulizia mtoto, mtoto analala na haamki tena. Rafiki yangu akaniomba, "Nichore na mimi basi. Nataka stelingi aje kuniokoa." Nikamchora na sare yake ya shule, na kile kiraka cha begani ambacho kila mtu alikijua, amelala chini katikati ya moshi, mkono mdomoni. Kengele ikalia.

"Kesho stelingi anakuja," nikamwambia.

"Kweli atakuja?"

"Acha woga wewe. Huwa anakuja."

Kesho yake tukagombana. Tuligombania ile kalamu nyekundu, kila mmoja anadai akae nayo, na mimi nikanuna. Mimi nikinuna huwa nanuna kweli. Siku tatu nilimpa mgongo kwenye dawati hilohilo moja, na alipolisogeza daftari upande wangu bila kusema neno, nikalirudisha kwa kiwiko. Siku ya nne hakuja shuleni. Walisema ni homa. Jumapili tulipotoka kanisani tukakuta wanawake wanakimbilia kwao huku wameshika vichwa. Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Nilikaa msibani nikiamini kwamba nimemuua mimi. Asinicheke mtu hapa. Nilikuwa nimemlaza kwenye moshi na sikumtoa. Nililia mpaka mama yake, yeye mfiwa, akanipa maji ya kunywa.

Siku ya kumaliza msiba walikuwa wanakusanya vitu vyake, daftari likaonekana. Likafunguliwa ukurasa ule wa mwisho. Mwanamke mmoja akalia kwa sauti ambayo siwezi kuielezea, na uwanja mzima ukasogea kutazama. Ninyi mnaosoma leo mnaweza kuona ni picha ya mtoto tu. Wao waliona mtoto aliyekufa ameacha maelezo: huyu hapa aliyenipulizia, hivi ndivyo nilivyolala. Na kwetu kule, bibi kizee mjane mwenye macho mekundu alikuwa tayari nusu ya kesi ya uchawi. Kila mtu alijua macho yanakuwa vile kwa moshi wa jikoni, mama zetu wenyewe wanayo. Lakini siku ambayo watu wanatafuta wa kumlaumu, hawakumbuki tena habari za jikoni.

Bibi aliitwa. Alikuja palepale mchana, mikono bado ina mafuta, na nadhani alifikiri anaitwa kusaidia kupika. Wanaume walikuwa wamesimama, wengine wana mapanga waliyokuwa wanapasulia kuni. Baba mkubwa wa marehemu, aliyetoka Usagara kwa ajili ya msiba, alishika daftari. Hakuwa mtu mkatili, nataka nimtendee haki. Alitaka uhakika. Akauliza, "Nani alikuwa anakaa naye darasani?" Watu wakanisukuma mbele.

"Mwanangu, usiogope. Wewe ulikuwa unamwona akiandika kila siku. Huu ni mkono wake?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Mama aliujua mkono wangu, maana nilichora kwenye kila boksi lililoingia nyumbani. Nilisikia vidole vyake vinaingia begani, vinakaza. Sikujua ananiambia niseme au ninyamaze, na mpaka anaingia kaburini sikumwuliza. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu: nimechora mimi. Nilikuwa nayo, yalikuwa yamefika hapa kooni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wake."

Baba mkubwa akampa bibi daftari alitazame. Alilishika kwa ule mkono wa vidole vinne, na watu wakaguna kuona mkono wa kwenye picha umeshika picha. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua uso, akanitazama mimi. Bibi alinijua. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake niliuchora kwa mkaa tangu nikiwa darasa la kwanza, kuku, magari, watu wenye vichwa vikubwa, na hakuwahi kuufuta. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatoa machozi kama siku zote, na nilijua kwamba sasa ananitaja.

"Mtoto huyu alijua kuchora," akasema. Akarudisha daftari.

Wakamwuliza mengine mengi, hakujibu kitu. Wakasema ona, hana la kusema. Mwenyekiti wa mtaa alifika akihema, akatuliza watu, wakakubaliana aondoke kabla ya Jumamosi. Watu walimsifu sana mwenyekiti kwa busara hiyo. Bibi aliondoka Ijumaa kwenye gari la mizigo, kwenda kwa binti yake ng'ambo, njia ya Kigongo. Mimi nilikuwa ndani, nimejifungia, nimekaa juu ya belo. Nilisikia gari likiwaka na nilisikia likiondoka. Jioni ile mama alichoma vile vitabu vya picha na kila karatasi yangu, na mimi nilimletea kiberiti.

Nilifaulu kwenda sekondari, na kwa bahati yangu mbaya nikapangiwa ng'ambo hukohuko, upande wa Sengerema. Kila muhula nilivuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, na kila tulipokaribia kutia nanga nilikuwa natafuta kitambaa chenye fundo mbele kati ya wale kina mama wauza samaki. Niliogopa kumwona na niliogopa kutomwona. Usingizini alikuwa haji yeye, alikuja rafiki yangu na kiraka chake, ananisogezea daftari. Hajawahi kusema kitu. Ananisogezea tu, na mimi najua kuna ukurasa mtupu, na kiwiko changu kinamrudishia.

Huko sekondari ndiko nilikojifunza Kiingereza cha kusoma. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na kitabu cha picha cha aina ileile, nikakisoma mpaka mwisho, maneno na yote. Kilichonishangaza ni jinsi adui anavyoongea. Loo, anaongea huyo! Kurasa nzima anaeleza nani alimwonea, nini anataka, kwa nini dunia nzima inastahili kuchomwa. Na stelingi anamsikiliza. Hata kwenye vitabu vile vya sura mbaya na sura nzuri, adui alipewa nafasi ya kujieleza kabla ya kupigwa. Nilikirudisha kitabu siku hiyohiyo na nikaumwa kichwa kwa wiki nzima.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata ujasiri, nikamwuliza mama mmoja muuza maandazi pale Busisi. "Yule bibi aliyefukuzwa Igoma?" akasema, huku anapanga maandazi yake. "Mbona walishamkata mapanga. Shambani kwake, mchana kweupe, wakati wa palizi. Walisema ana kesi tangu huko alikotoka, mtoto marehemu alimchora." Akaniuliza ninataka maandazi mangapi. Nilinunua, sikumbuki mangapi.

Ilinichukua mwaka mwingine kwenda kwa binti yake. Nilikuwa namaliza shule, nilijua nisipokwenda wakati huo sitakwenda kamwe. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka kupigwa, nadhani. Nilitaka anifukuze na fimbo, anitukane, watu wajae, mtu mmoja hatimaye anitazame na kusema wewe ndiye. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba anamenya mihogo, mama wa makamo, kitambaa chake amekifunga nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo."

Sikukaa. Maneno yote niliyopanga yaliniponyoka. Nikasema tu nimetoka Igoma, na ile picha haikuchorwa na marehemu. "Nilichora mimi," nikasema. "Waliponiuliza nikasema ni yeye."

Hakuacha kumenya. Ganda lilitoka refu, likaanguka, akaukata muhogo vipande viwili.

"Najua," akasema. "Mama aliniambia siku aliyofika, hata mzigo hatujautua. Alisema ni yule mtoto wa mwenye mitumba. Nikamwambia, sasa mbona hukumtaja? Ungemtaja ungekuwa nyumbani kwako. Akasema watu walikuwa na mapanga mkononi, na yule ni mtoto."

Nikaanza kulia. Alinisubiri nilie, hakunibembeleza wala hakunikataza. Alichukua muhogo mwingine kwenye lundo, akaufuta udongo kwa kiganja, ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mimi ningekutaja," akasema.